Maua Yaliyogeukia Barabara

Siku yangu ya kwanza ya kazi, kwa masista, Chef wa bustani alinipa panga. Mimi nilikuwa nangojea ndoo ya maji. Akaniuliza, "Unataka kuoga?" Watu wakacheka. Bon, shule niliiacha mapema, lakini nikichekwa najua.

Kazi ilikuwa lile ua la manjano la porini, refu kupita mutu, lenye munalidharau kandokando ya njia. Chef alinifundisha bouture: unakata kijiti kigumu, unakichomeka udongoni kikiinama kidogo, humwagi maji mengi, kitaoza. Likifika kiunoni unalikata ncha, ndiyo litoe matawi. Jua halilisumbui. Baba yangu kule Yahuma alikuwa vilevile, anashinda shambani bila kunywa, halafu jioni anamaliza mutungi. Tumuache baba.

Kutoka hapo nikapelekwa kwa Directeur wa kiwanda. Bibi yake, Madame, mama wa Maniema mwenye sauti, alipenda maua ya rose tu. Alikuwa anatayarisha ndoa ya binti yake mule uani. Alors, jua likapiga, robinet za maji zikakauka, rose zikafa zote. Ndoa ilikuwa bado miezi kadhaa mbele. Nikamwambia nipande ya porini pembeni ya ukuta.

"Papa Alphonse, mutoto wangu aolewe ndani ya majani ya mbuzi?"

"Madame, yasipotoka maua, mimi natoka."

"Nimesikia. Na panga utaliacha hapa."

Yakapanda bila maji, yakapita ukuta. Mpaka jana yake yalikuwa bado kufunguka. Asubuhi ya ndoa naingia kwa mulango wa nyuma: uani hakuna ua hata moja! Majani na vijiti tu. Miti ya avoka ilitia kivuli mule ndani, donc maua yalifuata jua, yote yamegeukia barabara. Madame akanyoosha mukono.

"Panga."

Nikalitoa. Hapo tukasikia kengele za toleka, zile baiskeli za kubeba watu. Bibi-arusi akachungulia nje ya geti.

"Mama! Njoo uone!"

Ukuta muzima manjano. Watoleka wamesimama wanashangaa, abiria wanawatukana. Madame alitazama toka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho. Kisha akaamuru viti vitolewe barabarani, mupiga picha naye atoke. Watoleka wakajiingiza kwenye picha na baiskeli zao. Directeur akashika kichwa: "Sasa nitalisha avenue nzima!"

Madame akanirudishia panga. "Papa, na jirani anataka."

Nilipandia majirani wale mpaka nikazeeka, na najivuna, sifichi. Leo nimepumzika kazi, niko hapa mtaani Kabondo. Maua nimeyapanda makusudi nje ya lupango, kiwanja changu, upande wa barabara. Mabibi-arusi wanakuja kupiga picha, hata hodi hawasemi. Mama ya watoto wangu analalamika:

"Uzuri wote umeuweka nje. Ndani kuna nini?"

"Ndani uko weye."

"Muongo," anasema. Halafu anabeba viti viwili, chake na changu, anavitoa barabarani.