Mitego Arobaini ya Kaka

Shangazi yangu alipokea kaa kwa miaka kumi na tisa katika kibanda cha bati pale gatini. Wavuvi walimwaga kaa kwenye beseni, yeye akapima magamba kwa rula, akapandisha beseni kwenye mizani, kisha akajaza fomu ya idara ya uvuvi: kilo ngapi, mitego mingapi. Hakuwa na masihara. Ukimletea kaa mdogo, alikurudishia mbele za watu na kukuuliza kama umemwachisha ziwa leo asubuhi.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: kaka yake, yaani baba yangu. Leseni ilimruhusu mitego arobaini, yeye akatega tisini bila haya. "Andika arobaini, mdogo wangu," alimwambia. "Kilo andika zote, mimi si mwizi." Akaandika. Wavuvi wenzake walipogundua, nao wakataka waandikiwe arobaini, naye angewakatalia kwa uso gani?

Kumbe kule idarani walichukua kilo wakagawa kwa mitego. Kaa walikuwa wanapungua na wavuvi wanaongeza mitego kuziba pengo, lakini kwenye karatasi kila mtego ulijaa kama zamani. Afisa akaja na majedwali yake, akatangaza mkutanoni kwamba ghuba ina kaa tele na leseni thelathini mpya zitatolewa. Shangazi alikuwa kiti cha mbele. Alifungua kinywa, akamwona kaka yake amemkazia macho, akakifunga. Dakika ile sijamsamehe. Baba sijamsamehe miaka yote ile ya uongo.

Misimu miwili ilitosha. Mitego ikapanda na matope matupu, ghuba ikafungwa kwa miaka mitano. Baba akaingia kibandani akifoka.

"Hao wasomi wenu wametumaliza. Walihesabu nini hasa?"

Shangazi akamsukumia jalada la fomu. "Walihesabu ulichoniambia, kaka."

Baba akasoma mistari yake, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hakumkatalia.

"Kabla yako nilimkatalia kila mtu," shangazi akasema. "Wewe ndiye uliyenilea."

Siku hizi baba anabeba matofali kwenye majengo ya watu, na hawasemezani. Shangazi bado anafungua kibanda kila asubuhi, maana idara inataka fomu hata ghuba ikifungwa. Anafuta mizani, anakaa, na kwenye safu ya mitego anaandika sifuri. Safu ile sasa haina uongo.