Uso wa Roger Ulivyogeuka Kijani

Kila asubuhi, kabla ya kufuta kaunta na kabla hata ya chai, Sumaya hufunua kifuniko cha printa na kuinusa. Huinama, huvuta pumzi mara moja kama mtu anayenusa mchuzi wa jana kabla ya kuamua utaliwa na watoto au na paka, kisha hukunja pua na kufunga. "Bado inanuka," husema. Tangu nimfahamu sijasikia akisema neno lingine.

Ana miaka hamsini na miwili. Studio yake iko nyuma ya soko la Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, chumba kimoja chenye dirisha moja, na mimi nakodi meza iliyo karibu na dirisha hilo, nawachapia watu barua na maombi ya kazi. Kazi ya picha aliirithi kwa baba yake. Harusi na siku za kuzaliwa watu wanazipiga wenyewe kwa simu, za rangi, kwa hiyo kilichomfikia Sumaya ni wafu. Familia inaleta picha ya simu, mtu anacheka na chupa mkononi. Sumaya anaiondoa chupa, anamwondoa na rafiki aliyemshika bega, anabaki mtu peke yake, na anamtoa mkubwa, kwa nyeusi na nyeupe, ili atundikwe ukutani mpaka siku ya kuganduka, yaani siku ya kuvua msiba, mwaka mmoja baada ya maziko. Nyumbani kwake mwenyewe hakuna picha hata moja ukutani. Anasema malaika hawapendi.

Jumanne moja aliingia Domitille, mjane wa kijiji cha Gitaza anayeanika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, kando ya barabara. Mume wake, Roger, alikufa kwa tumbo ndani ya siku nne, na picha yake ilitoka humu humu studio.

"Amahoro, mama Sumaya."

"Amahoro, Domitille. Kaa."

Hakukaa. Alifungua kitenge alichokuwa amefungia kitu, akakiweka hicho kitu juu ya kaunta.

Ilikuwa picha ya Roger, ndani ya fremu. Mashavu yalikuwa ya kijani, kijani kile cha nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko. Weupe wa macho ulikuwa umeingia umanjano, na chini ya mdomo palikuwa na kivuli cha zambarau kama jeraha linalooza. Niliangalia kando. Nilikuwa nimeanza kula mkate wangu, nikaurudisha kwenye karatasi.

"Mutoto wangu wa mwisho anamuita Chura," Domitille alisema. "Hiyo si kitu, ni mutoto. Lakini mama mukwe anasema mutu wa kutiliwa sumu njo anageuka hivi. Anasema alikufa na tumbo, na mwenye kupika alikuwa nani? Siku ya Mungu, hii Jumapili, iko kuganduka. Watakuja wote, watakaa chini ya hii picha, wataniangalia."

Sumaya aliigusa picha kwa ncha ya kidole, halafu akakifuta kidole kwenye gauni ingawa picha ilikuwa kavu.

"Ni wino," alisema. "Waliniuzia uchafu."

"Basi unipe ingine. Yenye haitageuka."

"Jumamosi," Sumaya akasema. "Uje Jumamosi."

Domitille aliifunga ile ya kijani akaenda nayo, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshaizoea ukutani na angeuliza imekwenda wapi.

Sumaya alimpigia simu Djibril, mdogo wake anayemwita yaya, yaani dada mkubwa, kama ninavyomwita mimi, na anayeleta bidhaa kutoka Bujumbura. Wino aliokuwa akitumia ni rangi iliyoyeyushwa majini, kama chai. Mwanga na joto la ziwa huila kidogo kidogo. Sasa alitaka wino wa mkaa, mkaa uliosagwa mpaka ukaelea, chupa sita, kuanzia nyeusi kabisa hadi kijivu cha majivu. Mkaa haugeuki rangi. Umeshaungua.

Chupa zilifika Alhamisi. Lakini huwezi kumimina wino mpya juu ya ule wa zamani. "Hizi mbili zikikutana zinaganda," Sumaya alituambia, mimi na Djibril, kwa sauti ya kueleweka. Akaunyonya wino wa zamani kutoka kwenye matangi kwa bomba la sindano, akapitisha dawa ya kusafishia mara nne, mara tano, mpaka ikatoka nyeupe kama maji. Kisha akafungua sehemu ya chini ya mashine, penye sponji linalokunywa wino wa taka. Lilikuwa limekunywa miaka sita. Lilikuwa limevimba, limeota ngozi juu, na alipolibana kwa vijiti viwili ngozi ikapasuka, ikatoka harufu ya siki na matumbo ya samaki. Nilikimbilia nje.

"Umesoma mpaka lisansi ya chuo kikuu, na sponji linakushinda," alinisemesha kutoka ndani. Lakini niliporudi alikuwa amefunga leso puani, na macho yake yalikuwa na machozi.

Ijumaa, baada ya msikiti, aliujaza wino wa mkaa. Aliuweka kwa kipimo, si mpaka juu, kisha akaingia chumba cha nyuma kuswali Alasiri. Djibril alibaki kwenye kaunta. Mimi nilikuwa nachapa barua ya mtu na sikuinua kichwa. Sumaya alipotoka, mdogo wake alikuwa anafunga kizibo cha chupa ya wino wa zamani, ile kubwa iliyokuwa imebaki nusu.

"Nimekujazia, yaya. Matangi yalikuwa hayajafika juu. Kumwaga kitu kizima ni israfu, sheikh ameisema leo leo kwenye hotuba."

Sumaya alimnyang'anya chupa.

"Sheikh alitaja printa?"

"Hakutaja."

"Nenda, Djibril. Nenda mbali. Ukifika, endelea kwenda."

Karatasi ya kwanza ilitoka na mistari, na katikati ya mistari nyuzi nyeusi kama nywele. Ya tatu ilitoka tupu.

Jumamosi aliamkia kazini. Alimwaga kila kitu kilichokuwa kwenye matangi, akang'oa kichwa cha printa, kile kipande chenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, akakilaza kwenye sahani yenye dawa ya uvuguvugu. Akaunganisha mpira mwembamba kwenye sindano na kuanza kuvuta. Kilichotoka hakikuwa wino. Kilikuwa utelezi wenye chenga, unaokatika na kuning'inia, kama unapopasua ndagala mkubwa kwa kidole. Alikuwa anavuta, anatema mate pembeni, anavuta tena. "Uchafu," alikuwa anasema. "Waliniuzia uchafu, na ndugu yangu amenikorogea." Saa saba mchana vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye vifundo, na hakuwa ametia kitu kinywani. Saa nane dawa ikatoka safi kwenye matundu yote.

Wino uliosalia kwenye chupa ulitosha kwa picha chache. Alasiri Roger akatoka kwenye mashine, paji la uso kwanza, halafu macho, ndevu zilizoanza kuota, kola iliyokunjika upande mmoja. Nyeusi ilikuwa nyeusi. Kivuli chini ya mdomo kilikuwa kivuli tu.

Domitille aliitazama akiwa amesimama mlangoni, hakuikaribia. "Huyu njo Roger," alisema. Halafu: "Na wewe utakuja kesho? Useme mbele yao ni wino. Mimi nikisema hawasikii."

Sumaya alifuta vidole vyake vyeusi kwenye leso. "Nitakuja," akasema.

Aliniomba nimsindikize. Kule Gitaza walikuwa wamesimamisha hema la plastiki mbele ya nyumba, na watu walikuwa wameshaanza bia na mishikaki. Roger mpya alikuwa ukutani. Lakini Beatrisi, mama mzazi wa Roger, alikuwa ameiweka ile ya kijani juu ya meza, imeegemezwa kwenye bakuli la nyama, na kila aliyechukua nyama alilazimika kuiangalia. Nilishika Fanta yangu bila kuinywa.

Sumaya alisimama. Kwenye mkoba wake alitoa picha ambayo sikuwahi kuiona, akaiweka karibu na bakuli. Mzee mwenye kofia, mashavu ya kijani, zambarau chini ya mdomo.

"Bibi, hizi zote mimi njo nilitengeneza. Huyu ni baba yangu. Alikufa na uzee, miaka tisini na moja. Wino ni mmoja. Waliniuzia uchafu."

Beatrisi aliichukua, akaikwaruza kwa ukucha, akanusa ukucha.

"Na huyu, nani alikuwa anamupikia?"

"Mimi," Sumaya alisema.

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Beatrisi hakucheka, lakini aliinua picha ya kijani ya mwanawe na kuilaza kifudifudi, na hakumwangalia tena Domitille kwa jicho lile. Wanawake wawili walikuja kumshika Sumaya mkono na kumpa pole kwa wauzaji waliomdanganya. Alizipokea pole zao. Mimi niliichukua picha ya baba yake mezani.

Nilikuwa nimeishika picha ya mzee tulipokuwa tunasubiri gari kando ya barabara. Nyuma yake palikuwa na tarehe, kwa mwandiko wa Sumaya mwenyewe. Ilitoka miaka mitatu iliyopita. Picha ya Roger ilikuwa na mwaka mmoja tu.

Kwa kawaida siulizi watu. Siku ile niliuliza.

"Yaya, ulipomtoa Roger wa kwanza, ulijua kama atageuka?"

"Nilijua," Sumaya alisema. "Nilidhani itafika kuganduka haijageuka."