Igiseke cha Mathilde

Houda aliuza vitambaa mtaa wa Asiatique, na tangu azaliwe hakuwahi kulima. Jumapili hiyo alipanda mlima na jembe la mama yake begani, roho juu.

Kileleni, katika kijiji cha zamani, mivumu ilikuwa bado imesimama kwa duara: nguzo za ua wa chifu wa kale, zilizochipua zikawa miti. Chini yake kidogo, kwenye mteremko, kulikuwa na igiseke cha mama yake, Mathilde, kipande cha shamba ambacho baba humpa binti ale mazao yake, bila kukiita chake. Mathilde alikuwa mgonjwa kitandani mjini, mtaa wa Mutakura. Kaka yake, Méthode, alikuwa ametangaza kwamba shamba lisipolimwa msimu huu, linarudi kwake. Alishapata tajiri wa kumuuzia, mtu aliyetaka vila yenye kutazama ziwa.

Ale miaka arobaini, lakini si chake! Houda alikuwa amelitafuna neno hilo njia nzima.

Akasimama upande wa juu wa shamba, uso ziwani, akaanza kukatua. Majirani waliokuwa wakilima kando wakaangua kicheko.

"We wa mujini! Unalima ukiangalia ziwa?" akaita mama mmoja. "Shuka! Mutu anaanzia chini, anaangalia kilima."

Akashuka, uso ukimwaka, akaanza upya. Malengelenge yakapasuka viganjani. Kila ngurumo ya gari ilimfanya ageuke.

Méthode akatokea. "Mutoto wangu, acha. Utaumia bure."

"Mujomba, si umesema lilimwe? Nalima."

"Nilisema mama yako."

"Basi mwambie ainuke!"

Gari likafika kweli. Tajiri akashuka, akatazama tuta jipya, kisha msichana aliyelowa jasho.

"Méthode, ulisema shamba halina mutu. Huyu nani?"

Majirani wakasimamisha majembe. Waliokuwa wakicheka hawakucheka tena. Méthode aliwatazama mmoja mmoja. Hao ndio wangemzika siku akifa.

"Mutoto wa dada yangu," akasema mwishowe, sauti chini. "Analima ya mama yake."

Tajiri akarudi garini, gari likageuza, likateremka.

Simu ya Houda ikatetemeka. "Umefika wapi?" akauliza Mathilde.

Houda akapima kwa macho. Hata robo bado, na Méthode alikuwa angali amesimama palepale, akihesabu matuta.

"Nimeanza, mama. Kesho dukani siendi."

Akafunga kiganja kwa kipande cha kitenge, akaangalia kilima.