Nilivyochagua shule ya kimataifa ya mwanangu nikiwa Songea, kwa kutazama picha ya bwawa la kuogelea

Wazee wa humu shikamooni, wakuu wengine habari za majukumu.

Hii siyo chai ya kutunga. Mke wangu naye yumo humu kwa ID anayoijua mwenyewe, nikitia chumvi ataniumbua kwenye comment ya kwanza. Kwa hiyo nasema ukweli kwa kulazimishwa.

Mimi nina duka la pembejeo hapa Songea mjini, nauza mbegu na mbolea. Naishi Matogoro. Mke wangu ni mtu wa maabara, alipata kazi hospitali moja huko Doha. Mkataba ulikuwa mzuri, mwajiri analipia hadi shule ya mtoto.

Akatangulia yeye. Mimi nikabaki na binti yetu Otilia, ana miaka tisa, tukisubiri shule ipatikane ndipo aende kwa mama yake. Shule ikikosekana, safari hakuna. Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa.

Mke wangu akasema atatafuta yeye kwa kuwa yuko kule. Nikamwambia mama Oti, wewe fanya kazi, suala la shule niachie baba wa familia.

Baba wa familia akafungua simu.

Wakuu, shule za Kiingereza kule ni nyingi, zote zinafuata mtaala wa Uingereza, na zote zina watoto wanaocheka kwenye picha. Nilichanganyikiwa. Mwisho nikaiona moja ina bwawa la kuogelea la ndani, maji ya bluu kama dawa ya kunyunyizia mahindi. Nikasema hii hapa.

Otilia hajui kuogelea. Hata mimi sijui. Ukoo mzima hakuna anayejua.

Mke wangu akasema hiyo shule iko upande mwingine kabisa wa jiji, mtoto atakuwa anaondoka hajaamka vizuri na kurudi amelala kwenye basi. Nikamjibu kwa sauti ya kizee: "Shule nzuri huwa haiwi karibu." Si mnajua tulivyosoma sisi? Shule nzuri ni ile unayofika umevimba miguu, mama yako anakuona likizo tu.

Halafu wakaniambia Otilia, aliyekuwa la tatu, ataingia Year Five. Nikajua wameona akili yake wakamrusha madarasa mawili. Jumapili baada ya misa nikawatangazia watu pale nje ya kanisa. Kumbe wenzetu wanapanga kwa umri, na wanaanza kuhesabu mapema kuliko sisi. Kila mtoto wa miaka tisa kule yuko Year Five. Hilo nililijua baadaye, na sikurudi kanisani kulikanusha.

Sasa njooni kwenye aibu yenyewe.

Shule ikaandika kwamba kuna interview kwa video, na wangependa sana kukutana na familia.

Familia. Mimi ni Mngoni wakuu. Mtoto anaenda kukabidhiwa kwa watu tusiowajua, nchi ya mbali, halafu nikae peke yangu na laptop ya kuazima? Nikapiga simu.

Siku ya siku sebule ilijaa. Alikuwepo baba yangu, katekista mstaafu, na koti lake la misa. Alikuwepo mdogo wangu Deo, ambaye Kiingereza chake kina mwendo. Na alikuwepo dada yangu mkubwa, ambaye nyumba nzima tunamwita Shangazi, amekuja kutoka Madaba na jogoo. Jogoo wa nini kwenye video sijui, ila alikuja naye.

Kule upande wa pili akatokea mama mmoja Mwingereza, peke yake, ana kikombe cha chai.

Baba akaomba tuanze na sala. Akaombea shule, walimu, viongozi wa nchi ile, na mvua. Yule mama alifumba macho mpaka mwisho, Mungu ambariki.

Kisha tukajitambulisha, mmoja mmoja, na ngazi ya undugu. Shangazi akauliza kupitia mkalimani wetu Deo: "Na ninyi wenzetu mbona amekuja mmoja? Wazee wenu wako wapi?"

Deo akatafsiri. Yule mama akasema mkuu wa shule ana kikao.

"Basi tungesubiri," Shangazi akasema. Hilo Deo hakulitafsiri.

Yule mama akamgeukia Otilia. Akamuuliza anapenda nini.

Otilia alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, mikono katikati ya magoti, macho chini. Jinsi tulivyomlea. Wakubwa wakiongea mtoto anatulia, na tangu asubuhi nilikuwa nimemsisitizia awe na adabu. Akatulia kweli.

Nikajibu mimi. Nikasema anapenda hesabu, na darasani ni wa pili. Nikauliza kule kwao watoto wanapangwaje, wa kwanza hadi wa mwisho? Akasema hawapangi nafasi. Nikamkazia macho Deo: shule gani hii inaficha matokeo?

Akamuuliza tena Otilia, je ana rafiki? Deo akajibu anao wengi. Akauliza anapenda hadithi gani? Baba akajibu anapenda za watakatifu.

Mtoto hakusema neno hata moja, wakuu. Tulipokata video tukapongezana. Shangazi akasema ameonyesha malezi. Jogoo tukamla.

Baada ya siku chache ikaja barua pepe. Walifurahi mno kuifahamu familia yetu yenye upendo. Ila mtoto hawakupata kumsikia, wanahisi Kiingereza na kujiamini bado, wanashauri ajaribu tena mwaka mwingine wa masomo.

Nilipompigia mke wangu kumweleza, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikasikia analia. "Mwaka mwingine, baba Oti? Mtoto atanisahau sura."

Nikakumbuka ile video. Wakubwa wote tuliokuwepo tuliongea sana siku ile, mtoto peke yake ndiye hakuongea.

Otilia alisikia. Hakulia. Alikuja dukani baada ya shule, akakaa juu ya mfuko wa mbolea, akaniuliza: "Baba, nilikosea wapi? Si ulisema nitulie?"

Jamani. Roho iliniuma, nikajiona mjinga wa kiwango cha juu. Nikamwambia hajakosea yeye, amekosea baba. Akaniangalia kama mtu ambaye hajawahi kusikia kitu cha namna hiyo, na kweli hakuwahi.

Sasa oneni kichekesho. Wakati bado nimekaa na mawazo, akaingia mteja, mzee mmoja mkulima. Nikamwonyesha mbegu mpya, mfuko una picha ya hindi nono linang'aa. Hata hakuugusa. Akaniuliza nani kaipanda mwaka jana kule Matogoro, akaangalie shamba lake. Wateja wangu wote ndivyo walivyo, na mimi mwenyewe kila siku nawaambia wageni: usinunue picha ya mfuko.

Ila shule ya mwanangu nilinunua picha ya mfuko. Nikabaki nacheka peke yangu, mzee akadhani namcheka yeye.

Jioni nikampigia mke wangu: waulize wenzio kazini, Wakenya, Wahindi, yeyote mwenye mtoto, wanasomesha wapi na watoto wanarudije nyumbani. Akanijibu kwa upole wa kutisha: "Nilishawauliza kitambo. Wewe ulikuwa kwenye bwawa."

Shule ipo, akasema. Ndogo, mtaala uleule wa Uingereza, karibu na hospitali yao. Mwenzake Mkenya ana watoto wawili pale na hawataki kuhama. Kuogelea wanaenda kuazima bwawa la jirani.

Safari hii interview ilikuwa ya Otilia peke yake, stoo ya dukani, maana mtandao wa mjini ni mzuri kuliko wa nyumbani. Shangazi hakuambiwa. Mimi nikatolewa nje na mtoto mwenyewe. Nikasimama nyuma ya mifuko, sikio ukutani, kama mwizi wa duka langu.

Mwanzo nikasikia sauti ya mwalimu tu. Nikasogeza mfuko mmoja nisikie vizuri.

Kisha nikasikia sauti ndogo, Kiingereza cha kuvunjikavunjika lakini kinakwenda. Akaeleza kuhusu mbuzi wa babu anayekula nguo. Mwalimu akacheka, naye akacheka. Halafu mwalimu akamuuliza kama ana swali lolote.

Otilia akauliza: "Ukiwa hapo shuleni kwenu, hospitali ya mama inaonekana?"

Mwalimu akamwambia asubiri. Akainuka na kompyuta yake, akatembea nayo hadi dirishani, akamwonyesha. Nikasikia mwanangu anasema kwa Kiswahili, polepole, "Ile pale."

Macho yaliniwasha. Nikasingizia mbolea.

Mimi nilikuwa natafuta bwawa, na yeye alikuwa anatafuta dirisha. Wakuu, mnaohangaika na shule za huko nje, mtaala ni uleule. Kabla ya kuangalia picha, muulize mtoto anatafuta nini, kisha nyamaza ajibu. Hapo kwenye kunyamaza ndipo akina baba tunapofeli.

Alipata nafasi, akaenda. Mimi nitafuata msimu wa kupanda ukiisha.

Juzi mke wangu alikutana na mwalimu, akanitumia voice note. Anasema Otilia anauliza maswali darasani mpaka wenzake wanakosa zamu.

Nikampigia Shangazi Madaba. Akauliza moja kwa moja: "Amekuwa wa ngapi?"

Nikamwambia hawapangi nafasi, ila anamuuliza mwalimu maswali sana.

Akaguna. Nikajua sasa nitasemwa.

"Anauliza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake? Na mwalimu anamjibu?"

"Anamjibu, dada."

"Basi ni wa kwanza huyo. Huku nitawaambia ni wa kwanza."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Ninyi wenye watoto huko nje mlichagua kwa mfuko au mlienda kuona shamba? Na mama Oti, nimekuona uko online, comment yako naisubiri kwa adabu.