Alama za Uzi wa Upinde

Wacha niseme mapema: mume wangu hajawahi kunipiga. Hata kofi. Huyu ni mtu ambaye panya akinaswa kwa nyumba ananiita mimi nikamtoe. Kwa hivyo ile Jumapili wamama watano wa kanisa walipoingia kwetu mtaani Lindi, wakakataa chai, wakaketi kitandani na kumwambia, "Shemeji, tumekuja kwa sababu ya mkono wa huyu dada," nilitamani ardhi inimeze.

Mkono wenyewe ulikuwa umevilia damu, bluu na kijani, kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Ulipigwa, ndiyo. Lakini ulipigwa na uzi wa upinde.

Mimi hufulia watu nguo Kawangware 46. Mmoja wao ni mwalimu mstaafu, mama wa Kikuyu mwenye ploti zake za vyumba vya kupangisha na mdomo mkali. Nyuma ya nyumba ana kiwanja, magunia yaliyoshindiliwa maboksi, na pinde mbili za mchezo wa kulenga shabaha. Siku moja nilikuwa naanika, akaniambia nijaribu. Wueh! Mshale wangu wa kwanza ulitoboa shuka yake mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikasikia raha ambayo sijui niiseme vipi. Tangu hapo, kila Jumamosi nikimaliza kufua, tunalenga.

Shida ilikuwa kiwiko. Miaka ya kukamua mablanketi ya watu imenizoesha kunyoosha mkono mpaka kiwiko kinapinduka, upande wa ndani unaangalia juu. Ukishika upinde hivyo, mkono unaingia njia ya uzi, na ukiachilia, paap! "Hapa hatufui!" mwalimu alikuwa akinifokea. Ana kipande cha ngozi cha kukinga mkono, lakini alininyima. "Hii itaficha kosa. Wacha uzi ukuume kidogo, utajifunza."

Nyumbani nilimwambia mume wangu peke yake, nikamsihi asitoboe siri. Mama wa watoto watatu anacheza na mishale? Ploti nzima ingenicheka. Akaahidi. Kila Jumamosi jioni alinikanda mkono kwa maji ya chumvi, akinitania kwamba ameoa mwindaji na bado tunakula sukuma wiki bila nyama.

Jirani yangu wa mlango wa pili ndiye aliyeuona ule mkono tukichota maji. Ndiye aliyeita wale wenzake. Na mume wangu, mbele ya wanawake watano, alikaa kwenye kistuli akaambiwa mambo ambayo hata mwizi haambiwi. Akanitazama. Nikatikisa kichwa, nikimwomba bado asiseme. Aibu yangu hiyo! Akawajibu tu, "Nimesikia, mama zangu."

Hapo nikashindwa. Nikasema yote.

Jirani akasema, "Dada, nimesikia za kuanguka bafuni. Nimesikia za kugonga mlango. Ya mshale ndiyo mpya."

"Basi Jumamosi twendeni mkaone," nikawaambia.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Mume wangu hushona viatu kando ya njia, na wateja wake wengi ni wamama. Walipita na viatu vyao vilivyochanika. Akisalimia, wanaangalia upande ule mwingine. Alirudi nyumbani mapema siku tatu mfululizo na hakunilaumu hata mara moja, afadhali angenilaumu.

Jumamosi tukaenda sote. Mwalimu akanipanga kwa mikono yake: bega chini, vidole vilegee, kiwiko kiangalie nje, usukume upinde kama unayezuia mlango usifungwe na upepo. Nikavuta. Nikaachilia. Mshale ukaingia guniani na uzi haukunigusa.

Nilipiga kelele! Wiki ngapi nimeitafuta hiyo! Nikapiga wa pili, wa tatu, mkono safi kabisa. Mume wangu, masikini, alikuwa anapiga makofi, amesahau kabisa kilichotuleta. Nilimpenda sana dakika hiyo.

"Haya," jirani akasema, mikono kifuani. "Na sasa uzi umekugonga wapi?"

Nikaelewa. Nikachukua mshale wa nne na nikakipindua kiwiko changu kama zamani. Mwalimu akafoka, "Kiwiko!" Nikaachilia.

Paap! Machozi yalinitoka yenyewe. Kabla sijashusha upinde, mume wangu alikuwa ameshafika, ameushika mkono, anaupuliza kama wa mtoto. Alama ikainuka nyekundu mbele ya macho yao, pale pale juu ya zile za zamani.

"Woi, shemeji, utusamehe!" Wakamzunguka, kila mmoja anataka kumshika mkono. Akawa anacheka kwa haya, anasema si kitu, si kitu.

Jirani hakumwendea mume wangu. Alibaki na mimi, akapitisha kidole gumba polepole kwenye ile alama, kama anayeisoma.

"Mimi nilipigwa miaka sita," akasema, "kwa ploti yenye milango kumi na mbili. Hakuna hata mtu mmoja alikuja kuniuliza. Ndiyo maana nilikuja kwako."