Sweta la Fundi Saa

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. La, nakosea. Sabini na nane ndio mwaka nilioumia kidole kiwandani, na shemeji yangu alikuwa hai bado, maana yeye ndiye aliyenicheka kuliko wote. Basi ni themanini. Tuseme themanini, na mwenye kumbukumbu nzuri kunizidi anisahihishe, ingawa wengi wao wameshatangulia.

Nataka kueleza habari za mdogo wangu wa kike, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Watu wageni walidhani ni muuguzi, wakaja na watoto wenye homa. Sindano zake zilikuwa zile ndefu za kufumia, mbili, za chuma, moja imepinda kwa sababu aliwahi kuzibulia bomba la maji. Alifuma ameketi, alifuma amesimama kwenye foleni ya mafuta ya taa, alifuma huku akigombana. Ukitaka kujua hasira yake ilifika wapi ungetazama kazi: siku hizo vitanzi vilikazwa hata ukucha haupiti. Ninayo soksi ya mwaka ule alipokorofishana na mwenye nyumba. Mpaka leo haijakubali kuingia mguuni.

Sote katika ukoo wetu tulivaa masweta yake, na uzi haukununuliwa ovyo. Mtoto akikua, sweta lake linafumuliwa, uzi unaoshwa, unaanikwa kwenye migongo ya viti, kisha unafumwa upya kwa mwingine. Na mtu akiingia kwetu kwa ndoa, lazima afumiwe sweta la uzi uliokwisha kuvaliwa na mmoja wetu. "Uzi mpya haumjui mtu," alikuwa akisema. Mimi sikuelewa maana yake, lakini nilizoea kutoelewa, na sweta lilikuwa na joto.

Nyumbani kwake walikuwako pia mbwa wawili. Wa kwanza ni Shangazi, jike mzee, mnene, aliyepewa jina hilo kwa kubwekea mambo yasiyomhusu. Wa pili ni Karani. Huyu alikaa mlangoni akimtazama kila anayeingia kana kwamba anamwandika. Karani alikuwa wa mume wake, shemeji yangu, fundi saa. Mchana kutwa alilala chini ya meza ya kazi, juu ya miguu ya fundi, na fundi hakuthubutu kusogeza mguu hata ukifa ganzi.

Fundi akafariki. Mbwa akabaki chini ya meza. Saa za wateja zilisimama moja moja, kila moja kwa wakati wake, na Karani akakataa kula. Unamwekea bakuli, analitazama, anageuza uso. Daktari wa mifugo alimpapasa, akamfungua kinywa, akasema, "Huyu hana ugonjwa."

"Mbona anakufa?" mdogo wangu akauliza.

"Hilo sikulisomea, mama."

Wakati huohuo binti wa mdogo wangu aliolewa na mpaka rangi, kijana mpole anayenuka tepentaini hata Jumapili. Ikabidi afumiwe sweta. Siku moja mdogo wangu akaniita, nikamkuta amepakata sweta la marehemu, lile la rangi ya mchanga.

"Kaka, nikilifumua hili sibaki na kitu chake ila mbwa. Na mbwa mwenyewe ndiye yule."

"Basi usilifumue. Fumua la mwingine."

"La nani? Binti ni mmoja, baba yake alikuwa mmoja. Nyoosha mikono."

Nikanyoosha mikono. Alasiri tatu nilikaa na uzi viganjani akiviringisha madonge, naye amegeuza uso, hataki kutazama anachokifumua. Nami sikutazama. Nilitazama mbwa, mbavu zake zinahesabika.

Siku yule mpaka rangi alipolivaa, sote tulikuwapo. Alisimama katikati ya chumba, mikono ameitenga, anaona haya. Karani akatoka chini ya meza. Alitembea kwa kupepesuka, akamnusa magoti, akapanda na pua hadi kiunoni, halafu akaketi juu ya kiatu chake cha kushoto. Mpaka rangi akachovya mkate kwenye maziwa, akamnyooshea. Mbwa akala.

"Nilisema mimi!" mdogo wangu akapiga makofi, machozi yanamtiririka. "Uzi unamjua mtu!"

Kuanzia hapo mambo yakawa ya ajabu kidogo. Mpaka rangi alipewa kiti cha marehemu. Akapewa kikombe cha marehemu. Mdogo wangu akawa anamletea saa zilizosimama, anaziweka mbele yake, anasubiri.

"Mama," mkwe akasema taratibu, "mimi ni mtu wa kuta."

"Najua, mwanangu. Itazame tu."

Akaitazama. Alikuwa kijana mwenye adabu. Mwaka mzima alizitazama saa za watu.

Halafu akapata kazi ya kupaka hospitali mpya katika mji mwingine, safari ya siku mbili kwa treni, na kazi yenyewe haiishi upesi. Mpwa wangu akamweleza mama yake kwamba watakwenda na Karani, kwa kuwa hali chakula ila kwa mkono wa mume wake.

"Karani haondoki," mdogo wangu akasema.

"Mama, atakufa na njaa."

"Haondoki. Baba yako haondoki katika nyumba hii mara ya pili."

Binti akaenda chumbani kufunga mizigo. Tukamsikia akikokota sanduku kubwa la mashuka, kisha kimya, kisha, "Mama! Njoo!"

Tulimkuta ameshika sweta la rangi ya mchanga, zima, limefungwa ndani ya gazeti. Aliligeuza nje ndani. Kifuani palikuwa na kifuko kidogo, kile ambacho fundi aliomba ashonewe kwa ajili ya lenzi yake, na kando yake doa la mafuta ya saa. Lilikuwa la marehemu, bila shaka yoyote.

"Sasa nililifumua la nani?" mdogo wangu akauliza, ameketi sakafuni.

Mpwa wangu akanigeukia polepole. Nilianza kuhisi joto masikioni. Masweta mawili, la shemeji na langu, yalikuwa yamefumwa kwa uzi wa blanketi moja lililofumuliwa, na langu nililipeleka kwa mdogo wangu kutiwa kiraka cha kiwiko wiki ileile ya msiba. Katika msiba nikasahau nilikolipeleka, na tangu hapo nilikuwa nalitafuta. Nilimshuku jirani. Niliacha hata kumsalimia.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, anajizuia kucheka, "ulishika uzi wa sweta lako mwenyewe alasiri tatu, usilitambue?"

"Uzi ukishafumuliwa ni uzi," nikasema. "Wewe ungetambua?"

Mdogo wangu hakucheka. Alilichukua sweta la mume wake, akaenda nalo sebuleni, akalitandaza mbele ya Karani. Alipiga magoti pale. Mbwa akalinusa kifuani, penye kifuko. Akapiga chafya. Akainuka, akaenda mlangoni aliposimama mpaka rangi, akaketi juu ya kiatu chake.

"Vua hilo lako," mdogo wangu akamwamuru mkwe.

Akavua, akabaki na fulana, akatoka uani kama alivyoelekezwa. Karani akatoka naye. Akarudi, Karani akarudi. Sweta lenyewe likabaki kitini, na Shangazi akapanda, akajizungusha mara mbili, akalala juu yake, akakoroma.

Mdogo wangu alikaa sana hapo sakafuni. Nikamletea maji, hakuyanywa. Mwishowe akaanza kulikunja sweta la mume wake, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, polepole.

"Mchukueni," akasema. "Na bakuli lake. Hapendi bakuli la bati."

"Mama, nawe?" binti akauliza.

"Mimi hili ninalo. Nilidhani sinalo. Haya, treni haimngoji mtu."

Walipoondoka tulisimama langoni. Karani hakugeuka nyuma hata mara moja. Mdogo wangu akarudi ndani, akakusanya saa zote za wateja kwenye kapu ili warudishiwe wenyewe, akaketi, akatoa sindano. Alikuwa ananianzishia mimi sweta jingine, kwa fidia, alisema, na kwa hasira kidogo, maana vitanzi vilikuwa vimekaza.

Nikakaa karibu naye. Nilikuwa na jambo linanikereketa. Miaka tisa niliingia nyumba ile karibu kila wiki, nimelivaa sweta hilohilo, nikamrushia mbwa yule mifupa, na hata siku moja hakuniinukia.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "kama uzi ulikuwa wangu, mbona hakunifuata mimi?"

Alikuwa anahesabu vitanzi. Nilimngoja amalize.