Mtoe Vizuri

Mokami wa Kewanja, jirani yangu na mwenzangu wa kwaya, alikuwa na picha moja tu ya marehemu binti yake, Rhobi. Hata hiyo ilipigwa kwa ajili ya baba mtu. Mzee Mwikwabe amesimama mbele ya nyumba na koti jipya, na nyuma yake, mlangoni, Rhobi anacheka, sufuria mkononi. Miezi minne baadaye homa ikamchukua.

Picha ilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu, simu yenyewe ilikwisha kufa. Mwaka jana nikamsindikiza Mokami hadi mjini Nyamongo, kwa Malimi, kijana wa Kisukuma mwenye studio ya picha. Akatuamkia shikamoo, akachomeka kadi, picha ikajaa kwenye kioo cha kompyuta.

"Mzee kapendeza," Malimi akasema. "Na huyu wa nyuma, mama, nimtoe?"

"Mtoe, mwanangu. Mtoe vizuri."

Nilikuwepo. Kwetu picha ikichapishwa tunasema imetolewa, basi sikuona kosa lolote.

Jumamosi tukarudi. Kwenye picha iliyochapishwa Mzee Mwikwabe alikuwa mkubwa, ndevu zinahesabika. Nyuma yake ukungu mtupu, na pale mlangoni doa la kahawia.

"Rhobi yuko wapi?"

"Si ulisema nimtoe, mama?"

"Nilisema umtoe kwenye karatasi!"

Hapo ndipo Malimi alipoelewa. Jasho likamtoka. Akafungua ile kadi; kumbe aliitengeneza picha ileile na kuihifadhi hivyohivyo, ya kwanza haipo tena. Akahangaika karibu nusu saa.

"Mama, ukungu najua kuutia. Kuuondoa siwezi. Nisamehe."

Mokami alimsamehe palepale, kama tunavyofundishwa. Mimi nilichelewa, Mungu anajua.

Nyumbani mzee alifurahi. "Nimetoka kama mbunge! Sasa unalia nini? Ile ya kwanza ilinichanganya na masufuria." Akaitundika sebuleni mwenyewe, akipiga msumari huku anaimba.

Wageni wanaisifu sana. Mokami anawapa chai, anacheka nao, kisha anakaa akiwa ameipa mgongo.

Juzi, tukitoka kanisani, akanishika mkono. "Mama Elieth, Rhobi alikuwa na mwanya wa juu au wa chini?"

Nikamjibu wa juu. Sikuwa na hakika.